Kutoka waya wa simu hadi kinanda cha kwaya

Reli ya kutoka Mombasa ilipopenya nyika ya Taita kuelekea Tsavo, mwishoni mwa miaka ya 1890, iliandamana na waya wa telegrafu uliotundikwa kwenye nguzo. Ulipita Maungu, mji wa barabarani katika kata ya Marungu, kilomita zipatazo 30 kabla ya Voi. Leo kwaya za huko huimba kwa vinanda vya dijitali, na vitufe vya kurekebishia sauti ya vinanda hivyo asili yake ni tatizo la waya mrefu.

Waya mrefu hula sauti, na huanza na sauti nyembamba. Telegrafu ilivumilia, kwani ilibeba mapigo tu. Simu ilipoanza kuvuka mamia ya kilomita, maneno yalifika mazito, kama ya mtu anayesemea ndani ya blanketi. Mafundi wa simu wakapata dawa: walipunguza sauti nzito mpaka zikalingana na nyembamba zilizosalia, kisha wakaikuza sauti yote kwa pamoja. Ndivyo ekwalaiza ilivyozaliwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalosahaulika makanisani kwetu.

Miaka ya 1930 filamu zilikuwa zimeanza kusema, na John Volkman wa kampuni ya RCA anatajwa kuwa ndiye wa kwanza kutumia ekwalaiza ya kubadilishwa kwa mkono, kusawazisha sauti za majumba ya sinema. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha mchoro wa saketi ya besi na trebo, ambao umenakiliwa katika redio na amplifaya zisizohesabika duniani. Miaka 20 baadaye George Massenburg akaeleza ekwalaiza inayomruhusu fundi kuchagua mahali hasa pa kugusa na upana wa mguso wenyewe.

Kisha piano nayo ikaingia kwenye kinanda cha dijitali. Mwaka 1984 ilitoka Kurzweil 250, kinanda kilichobeba sauti za piano halisi zilizorekodiwa. Noti ya chini kabisa ya piano ni hezi 27.5, ya juu kabisa 4,186, na juu ya kila noti kuna mirindimo myembamba inayoipa uhai wake.

Sasa chomeka sauti hiyo kwenye spika za pembe, chini ya paa la mabati. Spika ya pembe haiwezi kutoa besi ya chini, hata kitufe kizungushwe hadi mwisho. Amplifaya hukoroma bure. Mabati nayo huzirudisha sauti kali. Mpiga kinanda akiona hasikiki, huongeza besi, kisha trebo, kisha sauti yote, na mwishowe maneno ya wimbo hayashikiki tena.

Konsonanti za waimbaji hukaa hasa kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kinanda kikishushwa kidogo hapo, maneno yanatoka. Kikishushwa karibu na 300, ule uzito wa kuziba masikio unaondoka.

Walimu wa kwaya wa Marungu, na wa kwingineko penye mabati, Jumapili hii msiongeze chochote kabla ya kupunguza. Kisha mmoja wenu aende asikilize kutoka benchi la nyuma kabisa, kwa maana huko ndiko sauti inakopelekwa.