Sikukuu ya Kuzaliwa, Baharini na Nchi Kavu

Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, mwaka 1497, iliwakuta Wareno wa Vasco da Gama baharini, merikebu tatu zikipita pwani ya kusini ya Afrika. Nchi waliyoiona kwa mbali wakaiita Natal, maana yake Kuzaliwa kwa lugha yao, wenyeji hawakuulizwa. Wala tusiwacheke mabaharia wale: maji yaliwapungukia hata wakapika kwa maji ya chumvi, nao walishuka pwani Januari, mbali mbele. Jina limebaki hata leo.

Huku kwetu Unguja sikukuu hiyo iliacha kitu kingine. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873. Na tarehe 25 Desemba mwaka ule ule, mahali pale pale walipouzwa watu, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa.