Moyo Ukienda Mbio, Ubongo Nao Uangaliwe

Zamani moyo ukidunda ovyo wengi wetu tulisema ni husuda. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionesha kuwa mapigo hayo mara nyingi huanzia kwenye mishipa itokayo mapafuni. Wakapitisha mrija mwembamba hadi moyoni, wakaunguza sehemu hizo.

Hatari yake ni kwa ubongo: donge la damu likipanda kichwani huleta kiharusi. Huwapata wachache, chini ya mmoja katika 100. Ndiyo maana mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kabla na baada.

Dodoma ilipata Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2015, na watu wa nyanda za kati wakasogezewa madaktari bingwa. Kwetu wasichana wengi huupata ugonjwa huu kwa vali zilizoharibiwa na homa ya utotoni iliyoanzia kooni. Hapo vali huangaliwa kwanza.

Mwali, usifiche. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kimyakimya huita kiharusi. Mwone daktari kabla ya nikaha. Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali.