Kanda Niliyoifuta na Kanda za Wamarekani

Mliohudhuria mkutano wetu wa mwaka jana mtakumbuka kwamba wakati wa chakula alisimama mwenzetu mmoja akauliza iko wapi kanda ya usiku ule wa mahafali ya mwaka 1997, bendi ya shule ilipopiga bwaloni mpaka mwalimu wa zamu akaja kuzima jenereta. Kila mtu alimtazama jirani yake. Mimi niliendelea kula pilau. Sasa Mhariri ameniomba makala ya historia, nami nimeona niandike historia ya kanda, maana kwa jambo hilo nina deni.

Kanda ile ilikuwa kwangu. Aliyeirekodi alinipa niitunze kwa sababu tranka langu lilikuwa na kufuli. Alikwisha kuvunja vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Tarehe 12 Julai 1998, Ufaransa ilipocheza na Brazili fainali ya Kombe la Dunia, sikuwa na kanda tupu. Nilisokota karatasi ya daftari, nikaziba vitundu, nikabonyeza. Nilipata mabao matatu ya Ufaransa, ambayo hata leo mtu yeyote akitaka atayaona. Nilipoteza dakika 90 za mpiga solo wetu, ambaye tulimzika miaka kumi baadaye.

Wakati ule sikuona kuwa nimeharibu kitu. Nilidhani wimbo ni wimbo. Ukipigwa leo utapigwa na kesho. Aliyenitoa katika mawazo hayo ni kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuja Chuo Kikuu kujifunza Kiswahili kwa mwaka mmoja, naye alikuwa jirani yangu bwenini. Aliporejea kwao aliniachia boksi la kaseti. Hazikuwa na picha wala jina la santuri. Juu ya kila moja palikuwa na mwandiko wa kalamu: tarehe, mji, ukumbi. Wimbo mmoja niliukuta katika kanda saba. Nilidhani ni uzembe wa kupanga vitu; masjala yetu ingesema faili moja limefunguliwa mara saba. Likizo ile mvua zilininyima safari, nikazisikiliza zote saba, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyimbo saba.

Bendi yenyewe ni Grateful Dead. Ilianza mwaka 1965 huko California, kusini kidogo ya San Francisco, kwanza kwa jina la Warlocks. Jerry Garcia alipiga solo, Bob Weir ridhimu, Phil Lesh besi, Bill Kreutzmann ngoma, na Ron McKernan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pigpen, kinanda na harmonika. Mwaka 1967 akaongezeka mpiga ngoma wa pili, Mickey Hart. Wengine walikuja na kuondoka, lakini kazi iliendelea miaka 30, maonyesho yapatayo 2,300, hadi Garcia alipofariki Agosti 1995.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hatuna taabu ya kuwaelewa. Tunajua kwamba wimbo una maneno, kisha una chemko. Katika redio chemko hukatwa mapema ili taarifa ya habari isichelewe. Ukumbini, wapigaji wakiona watu wamekolea, huendelea mpaka jasho liwatoke. Grateful Dead nao walikuwa hivyo, ila chemko lao mara nyingi halikuwa la kasi. Lilikuwa la kutafuta. Mmoja anaanzisha kitu, mwingine anamjibu, wa tatu anawapeleka pengine kabisa, na hakuna aliyepanga jioni ile wafike wapi. Mfano mzuri ni wimbo wao uitwao Dark Star. Mwaka 1968 waliutoa katika santuri ndogo, haufiki hata dakika tatu, na haukununuliwa sana. Mwaka uliofuata ukatoka katika santuri ya Live/Dead, iliyorekodiwa mbele ya watu, ukiwa na dakika 23. Ukisikiliza ule mfupi baada ya huo mrefu utadhani umesomewa muhtasari wa mkutano na mtu ambaye hakuhudhuria.

Kurekodi kulianza kwa sababu ya kawaida kabisa ya kazi. Fundi wao wa sauti, Owsley Stanley, alikuwa akiwasha mashine kila usiku ili baadaye ajisikilize na kujua alikosea wapi. Ilikuwa kama daftari la zamu, hakuna zaidi. Lakini wapenzi wa bendi nao walianza kuingia ukumbini na vinasa sauti vyao, vimefichwa ndani ya makoti na mabegi. Bendi nyingine zingewaita polisi. Hawa walifumba macho, na Garcia alisema wazi kwamba wao wakishamaliza kupiga, muziki ule ni wa waliousikiliza. Sisemi walikuwa malaika. Santuri zao hazikuwa zikiuzwa sana. Wimbo wao wa kwanza kuingia katika kumi bora za Marekani, Touch of Grey, uliingia mwaka 1987, wakati bendi ina umri wa miaka zaidi ya ishirini. Walikula kwa tiketi za mlangoni, na kila kanda iliyopita mkononi mwa mtu ilimleta mtu mwingine mlangoni.

Likazuka soko lisilo na fedha. Mwiko ulikuwa mmoja: kanda haiuzwi, inabadilishwa. Mwenye usiku wa Boston humpa mwenye usiku wa Denver, na asiye na kitu cha kubadilisha hutuma kanda tupu na stempu za posta, akarudishiwa imejaa. Mwaka 1974 hao wapenzi wenye kurekodi walipata hata jarida lao, Dead Relix. Mwaka 1984 maikrofoni zao zilikwisha kuwa msitu mbele ya fundi mitambo, akawa haoni jukwaa. Uongozi haukuwafukuza, uliwatengea eneo lao nyuma ya meza yake, na tiketi zao maalumu.

Vijana mliopo madarasani leo, mnaonakili wimbo kwa kidole kimoja, huenda hamjui kwamba kanda ilichakaa kwa kunakiliwa. Nakala ya nakala iliongeza mvumo, na nakala ya tano ilisikika kama bendi inapiga ng'ambo ya mto wakati wa mvua. Kwa hiyo watu waliulizana ukoo wa kanda kama wazee wanavyoulizana ukoo wa bibi harusi. Tena kulikuwa na aina mbili. Iliyotoka katika meza ya fundi ilikuwa safi, kila gitaa mahali pake. Iliyotoka katikati ya watu ilikuwa na makofi, vikohozi, mtu anayemwita rafiki yake. Wengi hupenda ile ya kwanza. Mimi, baada ya miaka mingi, napenda ya pili. Kuna kanda moja ambayo Garcia anapiga sauti moja ya juu, na kabla hajaishusha unamsikia mtu karibu na maikrofoni akivuta pumzi. Mtu huyo simjui, lakini kila nikifika hapo navuta pumzi pamoja naye.

Usiku unaotajwa kuliko mwingine wote ni wa tarehe 8 Mei 1977, katika Barton Hall ya Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Ni jengo la michezo na gwaride, si ukumbi wa muziki, na nje theluji ilianguka ingawa ulikuwa mwezi wa Mei. Humo walipiga Scarlet Begonias wakaingia Fire on the Mountain bila kusimama, kwa zaidi ya dakika 25, na kuna kipande cha kati ambapo huwezi kusema wimbo wa kwanza umekwisha wala wa pili umeanza. Aliyerekodi ni Betty Cantor-Jackson, mama fundi ambaye kanda zake nyingi alizihifadhi mwenyewe. Alipopatwa na shida za maisha, kodi ya ghala ilipolipiwa zilipotunzwa haikulipwa, na mwaka 1986 zikapigwa mnada pamoja na vitu vingine vilivyomo. Fikirini: rundo la kanda zaidi ya elfu moja, mnunuzi yeyote angeweza kuzitupa jalalani. Zilinunuliwa na watu waliojua au waliokuja kujua zina nini, nakala zikaanza kutembea, na mwisho usiku ule wa Cornell ukaingizwa na Maktaba ya Bunge la Marekani katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa, miongoni mwa zile za mwaka 2011. Santuri rasmi ilitoka mwaka 2017, baada ya miaka 40.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kanda ni dhahabu. Zipo usiku walizosahau maneno, na miaka ya mwisho Garcia alikuwa mgonjwa na mtumwa wa heroini, vidole vyake vikisikika vizito. Hata barani kwetu walipofika, Septemba 1978, wakapiga usiku tatu mbele ya mapiramidi ya Giza pamoja na Hamza El Din, Mnubi mpiga udi, kinanda chao kilikuwa hakikuwekwa sawa. Walikusudia kutoa santuri, waliposikiliza wakaiacha, hata mwaka 2008 ndipo baadhi ya muziki ule ukatolewa. Nimeisikiliza. Kinanda ni kibovu kweli. Lakini Hamza El Din anaanza na makofi na nyimbo za kwao, na ile bendi ya California inaingia polepole chini yake kama mgeni anayevua viatu mlangoni, na kwa ajili ya hapo tu namsamehe aliyeshindwa kukiweka kinanda sawa.

Mpiga solo wetu pia alikosea usiku ule. Wenzangu wa mwaka 1997 mtakumbuka waya ulikatika katikati ya wimbo wa tatu, akamalizia na nyaya tano, na bwalo likapiga kelele kuliko lilipokuwa na sita. Hilo nalikumbuka. Alichopiga kwa hizo nyaya tano sikikumbuki hata kidogo, na ndicho nilichokitafuta katika kanda zile saba.

Mwezi uliopita nilimwendea aliyenipa kanda, nikamweleza yote, pamoja na karatasi ya daftari. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia jambo nisilolijua: kwamba usiku ule, dirishani upande wa jikoni, palikuwa na redio kaseti nyingine, ya kijana wa kidato cha pili, nayo taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Jina la kijana huyo halikumbuki.

Basi wewe uliyekuwa kidato cha pili mwaka 1997, kama ulikuwa dirishani, niandikie kwa anwani ya Mhariri. Hata kama kanda imekwaruza, hata kama ni nakala ya nakala na inasikika sufuria zaidi ya gitaa. Kanda tupu nitaleta mimi, na gharama ya posta ni juu yangu.