Jina Wycliffe lilitoka wapi?

Katika kikundi chetu tuna Wycliffe mmoja. Kwenye kadi ya chakula ameandikwa Wiklif, kwenye cheti cha shule Wycliffe, na kwenye karatasi aliyopewa siku ya kwanza kabisa, pale mpakani, ni Waiklifu. Mwezi uliopita aliambiwa dirishani kwamba hao ni watu watatu, aende akaamue yeye ni yupi. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, maana ombi lake la masomo limekwama hapo hapo. Baba yake alilisikia hilo jina kwenye mahubiri akalipenda. Hakuwahi kuliona limeandikwa.

Basi tukaanza kulitafuta. Kumbe mwanzo wake si mtu, ni kijiji kidogo kaskazini mwa Uingereza, kando ya mto Tees. Mwisho wa jina, kwa Kiingereza cha kale, ni jabali au ukingo mkali. Mwanzo wake wataalamu wanabishania: wengine wanasema ni "nyeupe", wengine wanasema ni mahali mto unapopinda. Zamani huko mtu aliitwa kwa alikotoka, kama sisi tunavyosema "yule wa Uvira". Vizazi vikapita, "wa Wycliffe" ikaganda ikawa jina la ukoo.

Aliyelifanya lijulikane ni John Wycliffe, padri na mwalimu wa Oxford katika karne ya 14. Alisema kanisa limejilimbikizia mali kupita kiasi, na kwamba hata mkulima ana haki ya kusikia Neno la Mungu kwa lugha yake, sio Kilatini tu. Katika miaka ya 1380 watu wa kundi lake walitoa Biblia kwa Kiingereza. Mashine ya kuchapa haikuwepo, kila nakala iliandikwa kwa mkono. Mwaka 1409 wakuu wa kanisa Uingereza wakapiga marufuku kutafsiri Biblia bila kibali. Watu wakaendelea kunakili, na nakala kama 250, nzima na vipande, zipo hadi leo.

Yeye mwenyewe alikufa tarehe 31 Desemba 1384 pale Lutterworth, akazikwa kama watu wengine. Lakini mwaka 1415 mkutano mkuu wa kanisa mjini Constance ukamhukumu kuwa mzushi, na mwaka 1428 mifupa yake ikafukuliwa, ikachomwa, majivu yakamwagwa katika mto Swift. Jamani, zaidi ya miaka 43 kaburini na bado wanamfuata!

Sasa hapa ndipo tulipomuita mwenzetu aje aone. Huyo John ameandikwa Wyclif, Wiclif, Wickliffe na Wycliffe, na vitabu mpaka leo havijakubaliana. Hakuna aliyesema ni watu wanne.

Baadaye Waprotestanti walizoea kuwapa watoto majina ya ukoo ya walimu wao wa imani: Luther, Calvin, Wesley. Uingereza kwenyewe ni nadra kumkuta mtoto anaitwa Wycliffe. Magharibi mwa Kenya ni jina la kawaida tu. Musalia Mudavadi na Oparanya, wanasiasa wote wawili, wanaitwa hivyo. Na yule mwanamuziki Wyclef Jean, aliyezaliwa Haiti mwaka 1969, baba yake alikuwa mchungaji, akampa jina la John huyo huyo. Familia ikahamia Marekani, na kundi lake likaitwa Fugees, mkato wa neno la Kiingereza la wakimbizi, neno ambalo Wahaiti huko walikuwa wakitupiwa kama tusi. Naye anaandika Wyclef. Hiyo ya tano.

Ndugu zetu mnaotuandikisha kwenye kompyuta, tunaomba jambo moja: mgeuzie mtu skrini asome jina lake kabla hamjahifadhi. Asiyejua kusoma, mwacheni aje na mtoto wake au jirani. Kurekebisha herufi mbili hapo ni dakika moja. Mwenzetu yuko kwenye mwezi wa saba.

Ameshaamua kubaki na tahajia ya cheti, kwa sababu mtihani aliufanya kwa jina hilo. Alhamisi tunamsindikiza dirishani, karatasi zote tatu ziko kwenye bahasha moja.