Jeraha Lililo Ndani ya Tiba

Kila asubuhi, hapa kwetu Singida, Mama Neema huniwekea vidonge kwenye kisahani kando ya bakuli la uji. Miezi minne baada ya kuwekewa stenti Dar es Salaam nilikiacha kisahani kile. Kifua hakikuniuma tena, nami nikaona heri fedha za dawa ziende kwenye ada ya mjukuu. Mama Neema akaniuliza, "Mwalimu, daktari alikwambia umepona, au alikwambia mshipa umefunguka?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Uswisi, daktari Andreas Grüntzig alipitisha mrija mwembamba wenye puto hadi kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38. Puto likajazwa, njia ikafunguka bila kifua kupasuliwa. Lakini puto hilo hufungua mshipa kwa kuuchana ndani. Kwa wagonjwa wengi, watatu au zaidi katika kila kumi, mshipa uliziba tena, mara nyingi ndani ya miezi sita.

Mwaka 1986, Jacques Puel kule Toulouse na Ulrich Sigwart kule Lausanne walianza kuweka stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia ukuta wa mshipa usisinyae. Chuma nacho kikajeruhi, na mwili, katika kujiponya, ukaotesha kovu nene ndani yake. Mwaka 1999, mjini São Paulo, Eduardo Sousa akaweka stenti iliyopakwa dawa ya kuzuia kovu. Kuziba tena kukapungua sana.

Hata hivyo, kufikia mwaka 2006 madaktari walikuwa na hofu mpya. Dawa ile ile iliyozuia kovu ilichelewesha pia utando wa kufunika chuma, na chuma kilicho wazi huweza kugandisha damu ghafla, hata baada ya mwaka mzima. Stenti za leo ni bora zaidi, lakini sababu ya vidonge ni ile ile. Aspirini na klopidogreli huizuia damu isigande wakati kidonda kinafunikwa, kwa kawaida miezi sita hadi kumi na miwili. Kisha aspirini huendelea.

Zamani wagonjwa wetu wengi walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ni hatua kubwa. Lakini daktari humaliza kazi yake kwa muda mfupi, na mgonjwa hurudi kijijini na kazi ya miaka: dawa, kupima shinikizo la damu, kuacha sigara, kurudi kliniki hata kama hakuna kinachouma.

Nilifundisha walimu miaka mingi kwamba mtihani si mwisho wa elimu. Somo hilo nimelijifunza upya uzeeni. Ada ya mjukuu tumeilipa kwa kuuza mbuzi wawili. Vidonge nameza, na Mama Neema bado anavihesabu.