Fahamu vihisi vinavyochakata picha vyenyewe katika magari yasiyo na dereva

Gari lisilo na dereva huona kwa kamera, rada na lida, kifaa kinachopima umbali kwa miale ya leza. Vifaa hivyo huitwa vihisi. Kwa kawaida kihisi hukusanya tu. Kutambua kama kilicho mbele ni ng'ombe, mtu au kivuli ni kazi ya kompyuta kuu ya gari, inayotumia mtandao wa neva, yaani programu iliyofunzwa kwa picha nyingi. Teknolojia mpya inahamishia sehemu ya kazi hiyo ndani ya kihisi chenyewe.

Sababu za kuhamisha

Ya kwanza ni wingi wa data. Kamera ya pikseli milioni 8, ikipiga picha 30 kwa sekunde kwa biti 12 kila pikseli, hutoa megabaiti 360 kila sekunde. Kamera 6 za aina hiyo hupitisha zaidi ya gigabaiti 2 kwa sekunde katika nyaya za gari.

Ya pili ni muda. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde. Likichelewa kutambua hatari kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, limeshasogea zaidi ya mita 2 kabla ya kufunga breki.

Ya tatu ni umeme. Kusafirisha data hutumia umeme na kuzalisha joto, na katika gari la betri hali hiyo hupunguza umbali wa safari.

Yaliyokwishafanyika

Mei 2020 kampuni ya Sony ya Japani ilitangaza kihisi cha IMX500, chenye chipu mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu ina pikseli milioni 12.3; ya chini ina kichakataji na kumbukumbu. Kinaweza kutoa maelezo tu, kwa mfano kwamba kuna mtu upande wa kushoto, bila kutoa picha. Hata hivyo, kililenga zaidi maduka na viwanda kuliko barabara.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, Austria, walionyesha kihisi ambacho pikseli zake ndizo mtandao wa neva. Kilitambua herufi rahisi kwa muda wa sehemu za bilioni za sekunde, lakini kilikuwa na pikseli 9 tu.

Mipaka yake

Kumbukumbu ya kihisi ni ndogo, hivyo hubeba mtandao mdogo. Aidha, kamera moja haijui nyingine inaona nini, na uamuzi wa kufunga breki huhitaji kuunganisha taarifa za vihisi vyote. Ndiyo maana malori ya kampuni ya Aurora, yaliyoanza mwaka 2025 kubeba mizigo bila dereva kati ya Dallas na Houston nchini Marekani, hutegemea kompyuta iliyomo ndani ya lori.

Hatua ya kati imeshaenea: kamera na chipu yake katika kasha moja nyuma ya kioo cha mbele. Chipu za EyeQ za kampuni ya Mobileye ya Israel zimo katika magari tangu mwaka 2008.

Maana yake kwa wafanyabiashara

Tangu Novemba 2021 Japani inataka magari mapya ya abiria ya miundo mipya inayotengenezwa huko yawe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe. Kwa kuwa Kenya hupokea magari ya mitumba yasiyozidi miaka 8, magari hayo yanaingia katika soko letu.

Kwa mnunuzi, kioo cha mbele si kioo tu tena. Kikibadilishwa, kamera huhitaji kulengwa upya kwa vifaa maalumu, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kukubaliana bei. Ni vyema kuuliza kama kioo kimewahi kubadilishwa, kama taa ya onyo inawaka, na gereji ipi inaweza kuilenga kamera.

Kwa msafirishaji, swali kubwa ni ushahidi. Kihisi kinachotoa maelezo bila picha hakiachi picha ya ajali ya kupeleka kwa bima au polisi. Vifaa vya aina hiyo vikifika, mwenye lori atahitaji kuhakikisha kwamba picha nazo zinahifadhiwa.