Ukingo wa Barabara ni wa Nani?

Historia ya njia ni historia ya wanaopita na wanaolazimika kupisha. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilifungua reli ya maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Mitaa ya Mji Mkongwe ilikuwa myembamba mno. Treni ikipita, mwenda kwa miguu hakubakiwa na nafasi. Wananchi walilalamika kuwa cheche zake ziliunguza mali zao, hata nguo. Serikali ya kikoloni iliinunua reli hiyo mwaka 1911, na mwaka 1922 safari za abiria zikafungwa. Motokaa zikashika nafasi yake.

Je, mnyonge alipata njia? La. Chombo kilibadilika, lakini uhusiano haukubadilika: mwenye chombo hupita, mwenye miguu hupisha.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma. Basi ukingo wa barabara nao ni wa umma. Anayesogeza ukuta, duka au gari lake juu ya ukingo humnyang'anya mtoto wa skuli mapito yake na kumsukuma kwenye magari.

Baraza za Mji Mkongwe zinatufunza kinyume chake: mwenye nyumba hujenga, mpita njia hupumzika, mvua ikijaza mtaa, hupita juu yake.

Ndugu, wajibu wa kada ni kuulinda ukingo kabla ukuta haujasimama. Ukishasimama, kila tofali lina mtetezi.